Waliorudi Wakiwa Hai: Kumsoma Askari wa Gurnah kutoka Birmingham

Katikati ya jiji la Birmingham, kwenye uwanja wa Centenary Square, lipo jumba la mawe meupe lenye kuba, liitwalo Hall of Memory. Lilifunguliwa Julai 1925 kwa ajili ya wana wa jiji hili waliokwenda kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wengi hulipita bila kugeuka. Anayeingia ndani atakuta jambo ambalo si la kawaida katika maandishi ya kumbukumbu za vita. Pametajwa humo hesabu tatu: watu 150,000 waliitikia wito, 12,320 walikufa, na 35,000 walirudi nyumbani wakiwa na ulemavu. Hesabu mbili za kwanza tumezizoea. Ya tatu ndiyo inayomsimamisha msomaji, kwa kuwa inakiri kwamba vita havikwisha siku silaha zilipowekwa chini, na kwamba katika mitaa ya jiji hili walikuwako watu elfu thelathini na tano ambao jirani zao walipaswa kujifunza kuishi nao.

Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilisimamisha sanamu ya askari mjini Dar es Salaam, na Nairobi ikapata ya kwake 1928. Maneno yaliyochongwa chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, yakatiwa na Kiswahili. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana. Yanawataja wapagazi, ambao mtunzi anawafananisha na viungo ambavyo jeshi lilivitumia kutembea na kushika. Kisha yanamalizia kwa ahadi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake jina lake litakumbukwa na wanawe. Dola ni moja, vita ni vile vile, muongo ni ule ule. Lakini hapa hakuna hesabu, wala hakuna aliyerudi. Ahadi imetolewa kwa maiti, na mpokeaji wake ni mtoto. Baba aliyerejea akiwa hai, mguu mmoja mzito, usiku hana usingizi, hana mahali katika sentensi hiyo.

Hata ahadi ya jina haikutimizwa. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wengi zaidi ya hapo, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilistahili, ila nayo ilihusu waliokufa. Swali la waliorudi limeachiwa fasihi, na makala haya yanauliza fasihi yetu imelijibu vipi.

Nitaijadili hasa riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives, iliyotoka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Huku Ulaya imesomwa zaidi kama riwaya ya ukoloni wa Wajerumani, na usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, nadhani unapitwa na jambo ambalo jina lenyewe la kitabu linalitangaza. Hii ni riwaya ya baada. Katika fasihi inayohusu pwani yetu, ni miongoni mwa kazi chache zinazochukua askari aliyerudi na kumweka katikati ya nyumba, si pembeni mwa historia. Hoja yangu ni kwamba Gurnah ameona sawasawa kuwa kurudi si kazi ya askari peke yake. Ni mtihani wa nyumba inayompokea. Hoja yangu ya pili ni kwamba kuna swali moja, gumu kuliko yote, ambalo riwaya hii inamkinga askari wake asiulizwe.

Tuanze na mapokeo yetu wenyewe, maana Gurnah haandiki mahali patupu. Kiswahili kina hazina kubwa ya tungo za vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alisimulia Maji Maji. Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya 1939 hata 1945, ukachapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Henry Muhanika aliviimba vita vya Kagera na anguko la Idi Amin katika utenzi uliotoka 1981. Utenzi una adabu zake: hufungua kwa jina la Mungu, hupanga majeshi, hufuata mapigano moja baada ya jingine, hulia waliokufa, hufunga kwa dua. Ni umbo la jambo kubwa lenye mwanzo na mwisho. Askari aliyerudi hana mwisho wa namna hiyo. Ana asubuhi, ana mchana, ana kodi ya chumba, ana mke anayemsikia akipiga kelele usingizini. Hata nyimbo za jeshi zinaegemea upande huo huo. Funga Safari, wimbo wa kikosi cha KAR, ulijulikana Afrika Mashariki nzima. Wimbo wa kutua mzigo haukupata umaarufu huo. Sisemi kwamba washairi wetu walikosea. Nasema kwamba umbo walilolirithi lilikuwa la kwenda, na kwamba kurudi kulihitaji nathari, yenye subira ya kuhesabu siku.

Subira hiyo ndiyo fadhila ya kwanza ya Afterlives. Hamza anaingia jeshi la Wajerumani akiwa kijana asiye na kwao, mtoto aliyewahi kuwekwa rehani kwa mfanyabiashara. Anakuwa mtumishi wa afisa mmoja anayemfundisha Kijerumani kwa kumsomesha mashairi ya Schiller, kwa upole wenye dharau na dharau yenye upole. Jeraha litakalomtia kilema halitoki kwa adui. Linatoka kwa upanga wa sajini wa jeshi lake mwenyewe, aliyehamaki baada ya wapagazi kutoroka. Wamisionari wanamuuguza. Vita vinakwisha. Nchi imebadili mabwana, kwa hiyo aliyemwajiri hayupo tena kumlipa, na aliyepo alikuwa adui yake. Hamza anarudi katika mji wa pwani ambao haujatajwa jina, na hata huko si kwao. Ni mahali alipowahi kuwa mtumwa wa deni la watu wengine.

Mwandishi mwingine angetuletea hapa kumbukumbu za mapigano, sura baada ya sura. Gurnah anatuletea kazi. Hamza anapewa lindo la usiku kwenye ghala la Nassor Biashara. Khalifa, karani mwenye maneno mengi, anampa chumba cha stoo uani. Mzee Sulemani, fundi seremala mcha Mungu, anamfundisha kushika mbao. Chakula kinatoka ndani, kimeletwa na Afiya, msichana ambaye yeye mwenyewe mkono wake ulivunjwa na mlezi aliyechukizwa kuona anajua kuandika. Mambo haya ni madogo kiasi kwamba mhakiki mwenye haraka atayaita mandhari tu. Mimi nayaona kuwa ndiyo hoja. Gurnah anajenga kurudi kwa Hamza kipande kwa kipande, kama fundi anavyounga kiti: pahali pa kulala kwanza, kisha ujira, kisha ufundi, kisha mtu wa kumtazama machoni. Hakuna kipande kinachoweza kuwekwa kabla ya kile kilichotangulia.

Na kila kipande kina mtu anayekigharamia. Bi Asha, mke wa Khalifa, hamtaki. Kwake yeye, kijana asiye na ukoo, aliyetoka kusikojulikana, ni nuksi iliyopiga hodi. Ni rahisi kumchukia Bi Asha, na riwaya haituzuii, lakini hofu yake ina msingi. Miji ya pwani ilijua askari ni nani na waliwafanya nini watu wa bara. Anayefungua mlango hajui kilichoingia.

Khalifa, kwa upande wake, anauliza. Anauliza kwa mizaha, kwa udadisi, kwa mapenzi ya mtu apendaye habari. Hamza anajibu nusu, au hajibu. Hapa tunafika kwenye jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa kwa namna yake. Katika nyumba zetu, kutosema si lazima kuwe kuficha. Tuna neno sitara. Mtu husitiriwa, na mtu hujisitiri. Aibu, maradhi, ufukara na madhila hufunikwa ili mwenye nayo aweze kukaa na wenziwe bila kuonewa huruma. Mtaalamu wa kiwewe angemsikia Hamza na kusema anahitaji kuzungumza. Mzee wa Kiswahili angemwona na kusema amejisitiri, mwacheni. Gurnah anawapa haki wote wawili. Anamruhusu Hamza kunyamaza, na anamwonesha Afiya akipokea ukimya huo kidogo kidogo, bila kuuvunja kwa nguvu. Zawadi ya kwanza ya mapenzi yao ni beti za Schiller ambazo Hamza anazitia Kiswahili na kumwandikia kwenye kipande cha karatasi. Kile alichopewa na afisa kama mchezo wa bwana na boi, yeye anakitoa katika lugha ya nyumbani kwa msichana aliyevunjwa mkono kwa sababu ya kuandika. Sijui mahali pengine katika riwaya hii panaposema zaidi kuhusu kupona, na panasema bila kulitaja neno hilo.

Lakini Gurnah anajua kwamba sitara ina gharama, na kwamba mara nyingi anayeilipa si yule aliyesitiriwa. Hamza na Afiya wanapata mtoto, wanampa jina la Ilyas, kaka yake Afiya aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari na asirudi. Mtoto anakua mpole, mwenye kunong'ona peke yake. Kisha anaanza kusikia sauti, nayo inamuulizia Ilyas aliyepotea. Nyumba inafanya kile ambacho nyumba za pwani hufanya: inaita mganga wa pepo. Wasomaji wa Ulaya wanaweza kuliona tukio hili kuwa rangi ya kienyeji. Sisi tunapaswa kulisoma kwa makini zaidi. Katika uganga wa pepo, jambo la kwanza ni kuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Maswali hayo ndiyo ambayo hakuna ofisi ya serikali, ya Wajerumani wala ya Waingereza, iliyomuuliza askari wa Kiafrika aliporejea. Kile ambacho wazazi wamekinyamazia kwa heshima kimeingia kinywani mwa mtoto, na nyumba haitatulia mpaka habari za aliyepotea zijulikane.

Habari hizo zinapatikana miaka mingi baadaye, Ujerumani, katika nyaraka, wakati Ilyas mdogo ameshakuwa mtu mzima. Ilyas mkubwa alikwenda huko baada ya vita, akavaa tena sare ya askari, akaandamana na waliokuwa wakidai kurudishiwa makoloni, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Msomaji anayedhani mwandishi ametia chumvi na akumbuke maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akalitumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto, akafika Berlin 1929. Alidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa; akakataliwa. Aliomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu za kuutukuza ukoloni, akakamatwa 1941, akafa Sachsenhausen Novemba 1944. Huyu naye ni askari aliyerudi, ila alirudi upande usiofaa: aliwarudia waliomtuma, akidhani kwamba wao ndio wanaomdai shukrani.

Kwa hiyo riwaya ina warejeaji wawili. Mmoja haidai dola chochote na anapata nyumba. Mwingine anaidai dola na anapata kambi. Ulinganisho huu ni mkali, na ndipo mashaka yangu yanapoanza, kwa sababu unaelekea kutuambia kwamba wokovu wa askari umo katika kusahau deni. Ili kuupima ulinganisho huo inafaa kumwita shahidi mwingine.

Shahidi huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya 1964, Weep Not, Child, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Usilie Mpenzi Wangu. Tumezoea kuisoma kama riwaya ya Mau Mau na ya elimu. Isomwe pia kama riwaya ya wastaafu wa vita, maana imejaa wao. Ngotho alitumikishwa katika vita vya kwanza. Alirudi akitarajia ujira, akakuta ardhi ya baba zake imekwenda. Bwana Howlands, anayeimiliki ardhi hiyo, naye ametoka katika vita hivyo hivyo, akiwa amechoka na Uingereza. Hili si zao la mawazo ya mwandishi tu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa Wazungu waliopigana mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Vita vimoja, warejeaji wawili: mmoja kiinua mgongo chake kilikuwa shamba la mwenziwe. Kisha vinakuja vita vya pili, na Boro, mwana wa Ngotho, anakwenda na kurudi bila ndugu yake, bila kazi, bila maneno. Ukimya wa Boro ni wa nje kama wa Hamza, lakini ndani yake hamna sitara. Hamna wa kumsitiri, kwa sababu baba yake mwenyewe anafanya kazi kama kibarua kwenye ardhi ya ukoo. Boro anaishia msituni.

Tofauti ya Hamza na Boro haimo katika tabia zao wala katika ukali wa vita walivyoviona. Imo katika swali la pa kukaa. Hamza alipata chumba cha uani, ghala na karakana katika mji wa biashara ambao Wajerumani waliuvamia bila kuung'oa. Boro alirudi mahali palipong'olewa. Tukimsoma Gurnah peke yake tunaweza kuhitimisha kwamba mapenzi ya nyumba yanatosha. Ngũgĩ anatukumbusha kwamba kabla ya mapenzi ya nyumba pana nyumba, na kabla ya nyumba pana deni. Vita vya pili viliwachukua Waafrika Mashariki zaidi ya 250,000. Wengine walifika hadi Burma, miongoni mwao Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China na akaandika kumbukumbu zake 1967. Mwaka 2019 ilibainishwa kutokana na nyaraka za wakati huo kwamba malipo ya mwisho wa vita yalipangwa kwa rangi, na kwamba askari mweupe aliweza kupata mara tatu ya mweusi. Kiswahili kinayaita malipo hayo kiinua mgongo. Wapo waliorudi mgongo ukiwa umeinama vile vile.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu askari wa zamani wa Wajerumani katika miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipoamua hatimaye kuwalipa. Wazee walifika, wengi hawana karatasi. Inasemekana afisa aliyekuwa akilipa alimpa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani atende kama aliyeshika bunduki, na hakuna mzee aliyeshindwa. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa tabasamu, kama ushahidi wa nidhamu na uaminifu. Nakiona ni kisa cha kutisha. Miaka karibu hamsini baadaye, amri ingali imekaa mwilini, inangoja kuitwa. Mzee aliyeshika ufagio anathibitisha haki yake ya pensheni kwa kuonesha kwamba hakurudi kikamilifu.

Sasa nije kwenye lawama yangu kwa Afterlives, ambayo naitoa kwa heshima. Gurnah haufichi ukatili wa jeshi lile. Vijiji vinachomwa, akiba za vyakula zinaporwa, watu wanakufa njaa nyuma ya safu. Lakini Hamza ameumbwa na kuwekwa mahali ambapo macho yake yanaona mengi huku mikono yake ikifanya machache. Ni mtumishi wa afisa. Anaandaa meza, anajifunza lugha, na yeye mwenyewe anaonewa wivu na ubaya na askari wenziwe. Tunapomkuta uani kwa Khalifa, tunamtakia kheri bila shida, kwa sababu mwandishi hajatupa sababu nzito ya kusita. Jeraha analo, damu ya mtu hasa, mwenye jina na mama, hatuioni mikononi mwake. Na wenye damu hiyo walirudi pia. Walioa, walifundishwa useremala, walisali safu moja na watu ambao ndugu zao waliwapora. Kumpokea aliyeumizwa ni jambo ambalo nyumba njema hulifanya. Kumpokea aliyeumiza, ukijua, ndio mtihani wenyewe, na Bi Asha, katika ukali wake, ndiye mhusika pekee anayeukaribia. Riwaya inamfanya aonekane mchoyo wa moyo. Nadhani alistahili kusikilizwa zaidi.

Kwa hili tenzi za kale, nilizosema hazina nafasi ya kurudi, zina kitu ambacho riwaya imekipoteza. Watunzi walioimba vita vya Mrima na vya Maji Maji walisimama mahali pa waliopigwa. Kwao askari wa dola anaonekana kwa mbele, akija, wala si kwa ndani, akiota. Nadharia yetu ya fasihi ya vita ingehitaji macho yote mawili: jicho la utenzi linalomwona askari akija kijijini, na jicho la riwaya linalomwona akirudi nyumbani. Kazi itakayoyaunganisha, katika Kiswahili, ingekuwa na mengi ya kutuambia.

Kwa nini haya yasomwe kutoka Birmingham? Kwa sababu jiji hili limekuwa likipokea waliorudi kwa zaidi ya miaka mia. Ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ambamo leo wahitimu hupewa shahada, uligeuzwa wodi ya majeruhi 1914. Majeruhi wa Iraq na Afghanistan waliletwa hospitali ya Selly Oak, na tangu 2010 hospitali ya Queen Elizabeth, mwendo mfupi kutoka ukumbi ule. Lakini hata hapa, swali la Ngũgĩ la pa kukaa halijazeeka. Wanajeshi waliozaliwa katika nchi za Jumuiya ya Madola waliolitumikia jeshi la Uingereza walikuwa wakitozwa ada kubwa ili waruhusiwe kubaki katika nchi waliyoipigania. Mwaka 2022 ada hiyo ilifutwa kwa waliotumikia miaka isiyopungua 6 na kwa walioachishwa kazi kwa sababu ya majeraha au maradhi ya utumishi. Msamaha huo haukuwagusa wake, waume na watoto wao. Yaani dola ilikubali kumpokea askari, ikaiacha nje nyumba yake. Kwa mantiki ya Gurnah, hapo hajapokelewa bado.

Na kuna warejeaji wengine, ambao hakuna jumba la kumbukumbu litakalowahesabu. Katika harusi na khitma za wasemaji wa Kiswahili katika jiji hili, hukaa pamoja watu waliotoka Bukavu, Bujumbura, Kismayo na Kampala. Baadhi yao walikimbia vita. Baadhi, wakiwa vijana, walivibeba. Hatuulizani. Tunaitana kaka, mzee, shemeji, tunapakuliana pilau, na kila mtu anamsitiri mwenziwe. Sitara hii imetuwezesha kuishi pamoja, na siipuuzi hata kidogo. Ila watoto wetu wamezaliwa hapa, wanasikia, na shuleni kila Novemba wanafundishwa kuvaa ua jekundu na kukumbuka. Wanakuja nyumbani na swali la Ilyas mdogo.

Hatutaweza kuwaelekeza kwenye nyaraka za Berlin au za London tu, kama ambavyo Gurnah alilazimika kumpeleka kijana wake. Nyaraka hutoa jina, tarehe na mahali pa kufia. Hazisemi alikuwaje alipokaa mezani, wala alimfanya nini jirani wa mtu mwingine kabla ya kuja kukaa mezani pale. Hayo yanajulikana na walio hai, na wengi wao ni wazee sasa. Afterlives imetufundisha jinsi ya kumfungulia mlango aliyerudi, kumpa chumba cha uani na kutomhimiza aseme. Kilichobaki ni kujifunza kumuuliza, tukiwa tumeshamfungulia, na kuwa tayari kwa jibu ambalo huenda likatufanya tutamani tusingefungua.